Anza na Mgongo, Usianze na Jina: Kumfuatilia Babu Aliyefyeka Msitu wa Kiambu

Wazee wetu, mama zetu, nanyi vijana mliokuja na madaftari, nawasalimu nyote. Mmeomba tuzungumze juu ya kumfuatilia mtu aliyefungua shamba mahali ambapo hapakuwa na shamba: yule babu wa babu aliyetoka upande wa Murang'a, akavuka Mto Chania, akaingia msituni, akafyeka, akapanda, na leo mbari nzima, yaani ukoo wa waliotokana naye, inajiita kwa jina lake. Nitabaki Kiambu, ambako wazee walikuita Kabete. Huko ndiko mpaka wa kilimo cha Wakikuyu ulikuwa bado unasogea katika karne ya 19, ukielekea kusini na magharibi, hadi ulipokutana na malisho ya Wamaasai na baadaye na reli.

Wengi wanaoanza kazi hii huanza na jina. Wanamwendea mzee, wanamuuliza baba ya babu yake aliitwa nani, wanaandika Kamau. Na baba yake Kamau? Njoroge. Na wa Njoroge? Kamau. Wanarudi nyumbani wakiwa na karatasi inayopendeza ambayo haina maana yoyote. Sababu ni utaratibu wetu wenyewe wa kutoa majina. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Binti wa kwanza kwa bibi mzaa baba, wa pili kwa bibi mzaa mama. Kisha zamu ya ami, wajomba na shangazi. Kwa hiyo jina huruka kizazi kimoja na kurudi. Kuna na zaidi: mume mwenye wake watatu, kila mke alimwita mwanawe wa kwanza wa kiume kwa jina la baba wa mume. Hapo una ndugu watatu, baba mmoja, wote Kamau. Wote wakizaa, wana wao wa kwanza wote wanabeba jina la babu yule yule. Vizazi vitatu baadaye unao watu tisa au kumi wenye jina moja na jina moja la baba, katika mbari moja, mgongo mmoja wa ardhi. Ndiyo maana wazee waliwatenganisha kwa mama zao, na sisi tulipoanza kuandika kwa kufuata fomu za serikali, tukaacha jina la mama.

Kwa hiyo anzeni na mgongo. Ardhi ya Kiambu imekatwa na mito inayoshuka kutoka misitu ya nyanda za juu kuelekea kusini-mashariki: Ruiru, Kamiti, Riara, Ruaka na vijito vyake vingi. Kati ya mto na mto kuna mgongo mrefu na mwembamba. Mfunguaji wa shamba alichukua kipande cha mgongo, mto upande huu, mto upande ule, akapanda nao kuelekea msituni. Githaka chake, yaani ardhi ya mbari, kilikuwa na mipaka miwili ya maji ambayo haijahama, na mipaka miwili ya juu na chini ambayo ndiyo ya kutafutwa. Kabla hujauliza jina lolote, pata ramani ya Idara ya Upimaji ya uwiano wa 1:50,000, weka alama kwenye mito miwili, kisha uliza: sehemu hii, kutoka wapi hadi wapi, ilikuwa ya mbari ya nani? Utashangaa jinsi mzee asiyekumbuka jina la babu wa babu yake anavyokumbuka mpaka hatua kwa hatua.

Mipaka ile ina alama zake. Iliyo bora ni itoka, mmea wenye kitunguu kikubwa chini ya udongo na majani marefu mapana. Ulipandwa makusudi kwenye mstari wa mpaka siku ya makubaliano, kondoo akachinjwa na majani ya tumboni mwake yakanyunyizwa njiani kote wazee wakitembea. Itoka huvumilia kiangazi, na anayeling'oa alikuwa anacheza na laana. Ukikuta matoka yaliyopangika katikati ya shamba la chai au kando ya njia ya miguu, usiyapite. Alama nyingine ni mti mkubwa uliobaki peke yake. Waliofyeka msitu hawakuangusha kila mti; waliacha mmoja mkubwa, na baada ya hatua nyingi mwingine, ili roho za miti iliyoangushwa zipate pa kukaa. Mingi ilikatwa katika karne ya 20, lakini jina la mahali hubaki hata mti ukiisha, na majina ya vijito, vivuko na vituo vya basi ni ushahidi wa kuandikwa.

Kaburi msilitafute kwanza. Katika mila ya wakati ule waliozikwa ni wachache, wazee wenye mali na wana. Wengine walipelekwa porini wakaachiwa fisi. Wanaotumia miezi wakitafuta kaburi la mwanzilishi mara nyingi wanatafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Sasa, ukishapata mgongo, uliza ardhi ilipatikanaje. Kaskazini, Murang'a na Nyeri, sehemu kubwa ilipatikana kwa kufyeka: aliyetangulia kufyeka ndiye mwenyewe. Kiambu wenyeji husimulia ununuzi. Msitu ulikuwa na wawindaji, Waathi, ambao wengine huwaita Wandorobo, na mgeni aliwalipa mbuzi na kondoo, kwa awamu, wakati mwingine kwa miaka mingi. Kwa kuwa ardhi haikuuzwa kwa mtu baki, kwanza walifanyiana sherehe ya kuzaliwa upya katika ukoo, mnunuzi na muuzaji wakawa ndugu. Hili lina athari kubwa kwa mtafutaji. Likifanyika hilo, damu za Waathi ziliingia katika mbari, na nasaba inayosimuliwa leo kana kwamba yote ilitoka Murang'a huenda ina tawi zima lililokuwa msituni tangu mwanzo. Muulize mzee kwa upole, peke yake, si mbele ya mkutano. Vivyo hivyo asili ya Kimaasai: mpakani watu walioana, watoto walipokewa wakati wa njaa, na si kila ukoo unapenda kulisema.

Ili uelewe majibu utakayopewa, lazima ujue kazi yenyewe ilivyokuwa. Mfunguaji hakuenda peke yake na jembe begani kama tunavyochorewa. Alikwenda na ndugu, marafiki na vijana, kwa sababu mpakani paliishi watu waliotazamia kuvamiwa. Nyumba zao za mwanzo zilikuwa pamoja ndani ya kihingo, kijiji kilichozungushiwa ua mnene wenye mlango mwembamba, na baadaye tu, ukingo uliposogea mbele, kila mwanamume akajenga boma lake kwenye sehemu yake. Basi ukisikia ukoo unataja mahali pawili pa kuishi, pa zamani na pa sasa, usidhani ni masimulizi mawili yanayopingana.

Wanaume waliangusha vichaka na miti, wakachoma, kisha wakaigeuza ardhi kwa miti ya kuchimbia iliyochongoka, wakisimama mstari na kuinua udongo kwa pamoja. Wanawake walifuata, wakavunja madonge, wakapanda, wakapalilia kwa visu vifupi vya chuma. Wanaume walipanda viazi vikuu, ndizi na miwa. Wanawake uwele, wimbi, mtama, njahi (aina ya maharagwe), viazi vitamu, na nduma kandokando ya maji. Mahindi meupe tunayoyajua yalienea baada ya 1900, kwa hiyo mzee akikusimulia kwamba mwanzilishi alilima mahindi eka nyingi kabla ya Wazungu, jua kumbukumbu mbili zimeshikana. Mwaka ulikuwa na misimu miwili: mvua za njahi, Machi hadi Mei, na mvua za uwele, Oktoba hadi Desemba. Mtu anaposema "alikuja wakati wa uwele", amekupa nusu ya mwaka. Andika neno alilosema, lisigeuzwe kuwa mwezi.

Tunafika kwenye miaka, ambapo makosa ni mengi zaidi. Saa ya Wakikuyu ni riika, rika la waliotahiriwa pamoja, lililopewa jina kwa jambo lililotokea. Mutung'u ni ndui ya miaka ya mwanzo ya 1890. Ndutu ni funza, walipoingia nchini katika miaka hiyo hiyo ya 1890. Ndege ni eropleni ya miaka ya 1920. Usimuulize mtu babu yake alizaliwa lini. Muulize alitahiriwa pamoja na akina nani. Lakini angalieni mambo mawili. Majina ya mariika yanatofautiana kati ya Kabete, Murang'a na Nyeri, na rika moja huweza kuwa na jina kubwa na jina dogo. Tena kulikuwa na miaka ya kufungwa, ambapo wavulana hawakutahiriwa kabisa, hivyo waliosubiri waliingia rika moja wakiwa na umri tofauti kwa miaka mingi.

Tufanye hesabu moja. Tuseme mjukuu wa mwanzilishi alikuwa Mutung'u. Tukimpa umri wa miaka 18 alipotahiriwa, alizaliwa karibu na 1875. Baba yake, kwa kuwa wanaume walichelewa kuoa hadi mahari ipatikane na zamu ya ushujaa iishe, tumpe miaka 30 wakati huo: alizaliwa karibu na 1845. Mwanzilishi mwenyewe, kwa hesabu ile ile, karibu na 1815. Na kwa kuwa hakuna aliyelipa mbuzi wengi na kufyeka msitu kabla ya kuwa na mke, wana na wasaidizi, githaka kilifunguliwa kati ya 1845 na 1865. Hivyo ndivyo mnavyopaswa kuandika, kati ya mwaka huu na ule. Kisha uliza: mjukuu huyu alikuwa wa mke wa kwanza au wa mwisho? Mtoto wa mwisho wa mke wa tatu anaweza kuwa mdogo kwa miaka 25 au 30 kuliko kaka yake wa kwanza, na mkifanya hivyo katika vizazi viwili, mwanzilishi wenu amesogea miaka 50 nzima. Fanyeni hesabu kupitia matawi matatu, si moja. Yakikutana, vizuri. Yasipokutana, tatizo karibu kila mara ni mama aliyesahaulika.

Kuna vigingi vya kufungia hesabu hiyo. Wasafiri wa Kizungu Teleki na von Höhnel walipita nchi ya Wakikuyu mwaka 1887. Mwingereza Lugard alikula kiapo na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu, huko Dagoretti mwaka 1890, na Waiyaki akafia Kibwezi 1892. Ngome ya Fort Smith ilijengwa Kabete 1891. Reli ilifika Nairobi mwezi Mei 1899. Kigingi kikubwa kuliko vyote ni janga la 1898 hadi 1900, lililofuata sotoka iliyokuwa imekwisha kuua ng'ombe: ukame, nzige, ndui na njaa kwa pamoja. Kusini mwa Kiambu paliumia mno. Walionusurika wengi walirudi kwa jamaa zao Murang'a, na mashamba yakaota vichaka. Wazungu waliokuja muda mfupi baadaye waliona vichaka, wakasema ardhi haina mwenyewe, wakagawiana. Hili si jambo dogo la kuandikwa pembeni. Nasaba nyingi za Kiambu zina ufa hapo: tawi lililofia njaani, binti aliyewekwa rehani kwa chakula, ndugu aliyerudi Murang'a asionekane tena. Masimulizi huziba ufa huo kwa kumfanya mjukuu kuwa mwana. Mkiona vizazi vinapungua ghafla karibu na 1900, ufa ni huo.

Baada ya wazee ndipo karatasi. Msianze na karatasi, kwa sababu bila jina la mgongo, la chifu na la rika hamtajua ni Kamau yupi mmemkuta. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, Nairobi. Mtu hulipia kadi ya msomaji, anaingia chumba cha kusomea, anaomba faili kwa namba. Za wilaya ya Kiambu zina alama DC/KBU. Mtakuta ripoti za mwaka, daftari za siasa za wilaya, na mashauri ya ardhi. Maafisa wa Dagoretti waliandika mapema kuhusu githaka, M. W. H. Beech ni mmoja wao. Majina waliyaandika jinsi sikio la Mwingereza lilivyosikia: r ikawa l, c ikawa ch au sh, herufi ya mbele ya mb na nj ikadondoka. Orodhesha namna tano au sita za kuandika jina lako kabla hujafungua faili.

Chanzo chenye utajiri mkubwa ni ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Morris Carter, iliyoanza kazi 1932 na ripoti yake kuchapishwa 1934. Mbari moja baada ya nyingine zilieleza nani alinunua, kwa nani, mipaka ilipita wapi, na nani alinyang'anywa. Lakini someni mkijua yaliyokuwa mezani. Waliosema walikuwa wanadai ardhi iliyochukuliwa, na walijua serikali inaheshimu ununuzi kuliko ufyekaji. Basi idadi ya mbuzi iliyotajwa pale ichukuliwe kama hoja ya mdai, na mipaka ilinganishwe na ya jirani aliyedai upande wa pili. Pale majirani wawili wanaogombana wanapokubaliana juu ya mto au mti, hapo pana uhakika.

Makanisa yana vitabu vya ubatizo na ndoa. Misheni ya Waskoti Thogoto ilianza 1898, mapadre wa St. Austin's 1899, Kijabe 1903. Mwanzilishi hamtamkuta humo. Mtawakuta wajukuu wake, na jina la baba kando yao. Kodi ya nyumba iliyoanza 1901 ilihesabu nyumba, na mwenye wake watatu alilipia tatu, hivyo risiti iliyobaki ndani ya kasha la bati nyumbani inaweza kuwaambia idadi ya wake. Kipande, cheti cha utambulisho ambacho Mwafrika alilazimika kubeba, kilichoanza kutumika 1919 na 1920, kina jina la baba na waajiri. Piga picha pande zote mbili, kisha mrudishie mwenyewe hapo hapo.

Hati miliki ndiyo inayopotosha kuliko zote. Watu hushika hati ya leo, wanaona namba ya sehemu, na kudhani kipande hicho ndicho alichofyeka babu. Mashamba ya Kiambu yaliunganishwa na kusajiliwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, chini ya mpango wa serikali ya kikoloni ulioitwa wa Swynnerton, wa 1954, wakati wa hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, watu wakiwa wamerundikwa vijijini na wengine kizuizini. Mtu aliyekuwa na vipande saba kwenye migongo mitatu, vilipimwa, vikajumlishwa, akapewa kimoja chenye ukubwa huo mahali kamati ilipoamua. Maana yake aliye leo juu ya shamba la mwanzilishi wenu huenda si wa mbari yenu kabisa, wala hakuiba. Na aliyekuwa kizuizini huenda alikosa, na sheria ilikataza usajili wa kwanza kupingwa. Kwa hiyo daftari la ardhi linawafikisha nyuma hadi miaka ya 1950 na kusimama. Kabla ya hapo mnahitaji kumbukumbu za vipande vilivyotangulia kuunganishwa, na picha za angani zilizopigwa kabla ya upimaji, ambazo zinaonyesha vipande vile vidogo na njia za miguu kati yao.

Kutokana na historia hiyo, mtu akionekana na ramani na kalamu, majirani hudhani kesi inakuja. Jitambulishe kwanza kwa mzee wa kijiji na kwa mwenye shamba, sema wazi kwamba hudai ardhi, na usipime chochote kwa kamba siku ya kwanza.

Msiishie Kiambu pia. Tangu miaka ya mwanzo ya ukoloni familia nyingi zilihamia mashamba ya walowezi Bonde la Ufa, zikiishi huko kama maskwota na mifugo yao. Mtu wa Njoro, Molo au Elburgon, ambaye babu yake aliondoka Kiambu karibu na 1915, mara nyingi anasimulia toleo la zamani zaidi kuliko mliyo nayo nyumbani, kwa kuwa halikupita katika mabishano ya tume wala ya kuunganisha mashamba.

Na mwulizeni muhoi. Ahoi walikuwa watu wasio wa mbari waliopewa mahali pa kulima bila kodi, kwa urafiki, kwa bia na msaada wa kazi, na mpakani kwa mkono wa ziada wa kulinda kijiji. Walifyeka pia. Uzao wao haurithi githaka, hivyo hauna sababu ya kukuza sifa za mwanzilishi, na ndiyo maana wanachosema ni cha thamani. Wengi wao walipoteza haki ya kulima ardhi ilipouzwa au kusajiliwa. Tafadhali waandikwe kwa majina, kwa sababu historia ya kufungua mgongo ule ni yao vilevile.

Mwisho, kwenye karatasi yenu, kabla ya jina la mwanzilishi, acheni nafasi ya wake zake. Kila mke alikuwa na nyumba yake na mashamba yake, na githaka kiligawanyika kufuata nyumba hizo. Mwendeeni bibi mkongwe kuliko wote katika ukoo, hata kama ameolewa mbali, na mumwulize swali moja: huyu Kamau ni wa nyumba ya nani? Atawatajia mwanamke. Andikeni jina lake, la baba yake na la mgongo alikotoka, kisha ndipo mrudi kwa Kamau.